Kazi ya Kunyamazisha Watu

Kuna kazi ukimtajia mtu anadhani unamtania. Ya dada mmoja ilikuwa kunyamazisha watu. Na si watoto wa darasani, la! Watu wazima na akili zao, waliokuja wenyewe kwenye kituo cha televisheni, wamevaa wakapendeza, wakakalishwa kwenye ukumbi wa kurekodia kutazama mchezo wa maneno. Alipewa kibao cheupe kilichoandikwa KIMYA kwa rangi nyekundu, akaambiwa akiinue kila inapobidi, na tangu siku hiyo wenzake wakalisahau jina lake, wakawa wanamwita Bi Kimya.

Mchezo wenyewe ulitoka ng'ambo. Nchi nyingi wanao, kila nchi kwa lugha yake. Kuna gurudumu kubwa la rangi ambalo mchezaji analizungusha, kuna ubao wenye vigae vilivyofunikwa, mchezaji anataja herufi, binti mmoja anafunua vigae, mpaka mtu agundue maneno yaliyojificha. Kituo kilikuwa kimeazimwa gurudumu na ubao kwa majaribio, na pamoja navyo akaja mkaguzi wa wenye mchezo, bwana mrefu mpole mwenye miwani, kuangalia kama masharti yanafuatwa. Sharti kubwa lilikuwa moja. Watazamaji wapige makofi hadi mikono iwake moto, lakini jibu alitoe mchezaji peke yake. Jibu likitoka vitini, fumbo limeharibika.

Huko kwao hilo halijawahi kuwasumbua. Huku kwetu, mtayarishaji wa kipindi aliweka methali kwenye mafumbo, maana watu watakaaje kucheza na maneno bila methali? Hapo ndipo alipojipalia makaa. Hebu mwambie mtu wetu yeyote "haba na haba," halafu umwombe anyamaze. Thubutu! Mchezaji anasema nusu ya kwanza, ukumbi mzima unamalizia, akina mama, vijana, mpaka mlinzi wa mlangoni. Si kwa ubaya. Mdomo umeshaitika kabla mwenye mdomo hajajua. Na wachezaji nao ni watoto wa mama mmoja na hao hao watazamaji, kwa hiyo wanasema nusu, wanasimama, wanasubiri kuitikiwa.

Siku ya kwanza mafumbo yaliharibika hata mtayarishaji akakaa sakafuni katikati ya nyaya, kichwa mikononi. Siku ya pili Bi Kimya akawafundisha watu kuziba midomo kwa viganja. Wakajibu kupitia katikati ya vidole. Mkaguzi akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba atakaa siku moja tu zaidi. Fumbo moja likiharibika atasamehe. La pili likiharibika, anafunga gurudumu lake anaondoka.

"Likiondoka gurudumu," mtayarishaji alimwambia Bi Kimya pembeni, "mimi watanirudisha kwenye taarifa ya habari. Wewe, dada yangu, sina pa kukurudisha. Uliajiriwa kwa ajili ya kimya. Kimya kisipopatikana, wakubwa niwaambie nini?"

"Nimekuelewa, bosi."

"Kesho niletee watu wanaojua kunyamaza. Utawatoa wapi, sijui."

"Mmoja ninaye," alisema Bi Kimya. "Baba yangu."

Mtayarishaji akacheka akidhani ni mzaha. Mwenyewe hakucheka.

Baba yake alikuwa kinyozi, na kinyozi yule, jamani, alikuwa na mdomo! Watu walikwenda kwake hata nywele hazijaota, ilimradi wakae kwenye benchi wasikilize. Alikuwa anamnyoa mtu huku anamsema, na mtu anacheka, na akitoka analipa na kushukuru kwa kusemwa. Kisha asubuhi moja kiharusi kikamwangusha. Mguu ulirudi kidogo, na mkono mmoja ukabaki mzima. Maneno hayakurudi. Ukimuuliza, "Baba, unataka maji?" macho yake yanahangaika, midomo inatafutatafuta, inatoka "a... a..." basi, halafu anageukia ukutani machozi yakimlengalenga. Bi Kimya akaacha kumuuliza maswali, aliona ni kumtesa. Mchana kutwa alikuwa anasaka kimya kazini hakipati, na akirudi nyumbani anakikuta kimejaa tele, na angekitoa sadaka chote kwa neno moja tu la mzee wake.

Aliyekuwa anashinda na mzee ni shangazi, na shangazi siku hiyo ya tatu alikuwa amekwenda kwenye msiba. Mzee hawezi kuachwa peke yake. Basi Bi Kimya akamvalisha shati safi, akamshika mkono, akaenda naye kazini. Akamkalisha mstari wa mbele, kiti cha pembeni karibu na mlango, fimbo yake katikati ya magoti.

Kurekodi kukaanza vizuri. Gurudumu linazunguka, mtangazaji anachekesha, binti wa vigae anakimbia huku na huku akilalamika kwamba herufi A zitamvunja kiuno. Kisha ikaja methali ya kwanza. Mama mmoja mwenye kilemba cha kijani, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameapa kwamba yeye hatasema, akaimalizia peke yake kwa sauti kama ya kipaza sauti. Papo hapo akajipiga kofi la mdomo.

"Nisameheni! Jamani, si mimi!"

"Ni nani sasa, mama?" mtangazaji akamuuliza.

Watu wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Aliinua kidole kimoja tu, na kila mtu akaelewa kwamba msamaha umeshatumika.

Bi Kimya akasimama mbele ya ukumbi. "Wazazi wangu, ndugu zangu," alisema, "nimewafokea siku mbili, leo sifoki. Nawaomba. Likiharibika jingine, kipindi hakuna na mimi kazi sina. Mnamwona yule mzee pale? Ni baba yangu. Dawa zake na chakula chake ni hiki kibao nilichokishika. Neno likiwapanda kooni, mezeni."

"Tumemeza, mwanangu," alisema mama wa kilemba, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Na kweli walimeza. Mafumbo yakapita, moja, jingine, na jingine, ukumbi umetulia. Mtayarishaji akaanza kupumua. Likabaki la mwisho, na aliyefika kulicheza alikuwa muuguzi wa hospitali, mwanamama mnene mcheshi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku na viatu vyake vyeupe. Akataja herufi, vigae vikafunuka, akataja nyingine, akaruka juu.

"Nalijua! Nalijua!"

"Saa inakwenda, dada, litamke," mtangazaji akamwambia.

Muuguzi akajaza pumzi kifua kizima. "Mwenzako akinyolewa..."

Akasimama. Uso wote tabasamu, akaugeukia ukumbi, mkono ameunyoosha, anasubiri. Alikuwa amesema nusu yake, na kama tulivyolelewa sote, nusu ya pili ni ya wengine.

Masikini watazamaji! Walikuwa wanateseka. Mzee mmoja aliuma kofia yake. Mama wa kilemba alikuwa amekivuta kilemba chote akajifunika uso, mabega yanamtikisika. Saa inagonga, muuguzi anasubiri, hajui kwa nini leo watu wamemtupa. Bi Kimya amesimama kwa ncha za vidole, kibao juu, anasema ndani kwa ndani, wameweza, wameweza watu wangu.

"Zako tia maji."

Sauti ilitoka mstari wa mbele. Ilikuwa nzito, imekwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kazi, lakini maneno yalikuwa mazima, yamenyooka.

Bi Kimya aligeuka na hasira zake zote, mdomo wazi tayari kumfokea aliyemponza. Akaona wote wanamtazama nani. Baba yake mwenyewe alikuwa anaangaza kushoto na kulia, kama anayemtafuta aliyesema.

Kibao kikamponyoka. Akapiga magoti mbele ya kile kiti. "Baba! Umesema, baba? Sema tena. Sema chochote. Niite!"

Mzee akajaribu. Midomo ikatafuta. "A..." Macho yakaanza kuhangaika. "A..." Kichwa kikainama.

"Usimuulize!" Muuguzi alikuwa ameliacha gurudumu, anateremka ngazi za jukwaa akihema. "Dada, usimuulize! Wodini kwetu tunao kama huyu. Ukimuuliza analitafuta neno halioni. Lakini mwanzishie kitu alichokisema maisha yake yote, kinatoka chenyewe. Mwanzishie!"

"Nimwanzishie nini?"

"Chochote! Si umelelewa naye wewe?"

Mtayarishaji naye alishafika, anamnong'oneza sikioni. "Bi Kimya, mkaguzi anatutazama. Mtoe mzee nje sasa hivi, nimwombe radhi, niseme ni mgonjwa, turudie fumbo. Pengine atakubali. Ukiendelea hapa tumekwisha."

Alikuwa na haki. Mlango ulikuwa karibu, ndiyo maana mzee aliketishwa pale. Bi Kimya akautazama mlango, akamtazama mkaguzi, akamtazama baba yake. Akaogopa. Aliogopa kwamba akimwinua tu, kile kilichofunguka kitajifunga, na hatakisikia tena mpaka siku ya kumzika. Kazi akaiona, na baba akamwona.

"Bosi, niwie radhi," alisema. Akaishika mikono ya mzee. "Baba. Asiyesikia la mkuu..."

Mzee akainua kichwa.

"Huvunjika guu."

"Mtoto umleavyo..."

"Ndivyo akuavyo."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Bi Kimya, hata hayafuti. "Mchelea mwana kulia..."

"Hulia mwenyewe," alisema mzee, na upande mmoja wa uso wake, ule mzima, ukacheka.

Na ule ukumbi? Ule ukumbi usiojua kunyamaza? Kila mtu mle ndani alizijua methali zile, hakuna ambaye hakulelewa kwazo, na hakuna hata mmoja aliyemjibia mzee. Walimwachia mwenyewe. Kibao kilikuwa sakafuni, hakuna aliyekiinua, na watu wote wale walikaa kimya wakilia na mikono yao magotini.

Mkaguzi alisogea. Alizungumza kidogo na mtayarishaji kwa lugha yake, na mtayarishaji akageuka na uso mzito.

"Anasema fumbo la pili limeharibika, na sharti ni sharti. Kesho anaondoka." Akakohoa. "Anasema anakupa pole. Halafu anasema anakupa hongera. Hajui aanze na ipi."

"Mwambie nimezipokea zote mbili."

"Na mimi, dada yangu..." Mtayarishaji alishindwa kumtazama usoni. "Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, wallahi. Lakini kesho usije."

"Najua, bosi. Sina kinyongo."

Muuguzi akaja kumkumbatia na kumwelekeza wodi yao, amlete mzee wiki ijayo, wapo wataalamu wa mambo hayo. Zawadi yake imekwenda na maji na hata hakuiulizia. Mama wa kilemba akamshika mzee bega, akamwambia, "Wewe ndiye umetuponza leo, na mimi nakushukuru, maana kesi ingekuwa yangu peke yangu." Watu wakacheka wakiwa bado wanapenga kamasi.

Baba na mwana wakatoka. Karibu na geti kulikuwa na benchi la kusubiria usafiri, wakakaa hapo jua likiwapiga miguuni. Sasa ndipo Bi Kimya alipolihisi pigo lenyewe. Mwezi ujao watakula nini? Shangazi atamwambia nini? Kule ndani alikuwa jasiri, hapa kwenye benchi alikuwa mtu mmoja asiye na kazi, na mzee wake pembeni.

"Kazi imekwenda, baba," alisema. "Sasa sijui tutafanyaje?"

Lilikuwa swali. Midomo ya mzee ikaanza kutafuta, na Bi Kimya akajishika mdomo, akajilaumu.

"Hapana, hapana, sikuulizi. Najisemea tu. Tutaishi, baba, watu wanaishi. Si wanasema, baada ya dhiki..."

Alitaka kuimalizia mwenyewe. Akashindwa.

Mzee akaegemeza fimbo kwenye benchi. Akaupeleka mkono wake mzima kichwani kwa mwanawe, akakishika kile kichwa kama alivyoshika vichwa vya watu miaka na miaka, akakiinamisha taratibu upande wake mpaka kikatua begani.

"Faraja," alisema.

Kama alimaanisha, au ni mdomo tu ulijiendea wenyewe, Bi Kimya hakujua, na hakutaka kujua. Alilia kwa sauti kubwa pale pale, mpaka mlinzi akatoka kibandani mwake kutazama kuna nini.