Mguu wa Karani

Kwa jina la Mola, Hakimu asiyehitaji muhuri, tunaanza. Rehema zake ziwafikie wote wanaozeekea kwenye mabenchi ya wenye mamlaka.

Watu wenyewe ni watatu. Wa kwanza ni mzee aliyekuwa karani wa masjala ya mahakama hii hii kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo hakuna mwombaji aliyepita kwake kwa safari moja. Sasa akili zimemtoka, na kidonda cha sukari kinamla mguu. Wa pili ni mkwewe, mshona sare za shule, aliyemwosha na kumlisha tangu mumewe, mtoto wa pekee wa mzee, azikwe. Wa tatu ni msajili wa mahakama hiyo, mwenye muhuri.

Daktari alisema mguu ukatwe kabla ya Ijumaa, la sivyo sumu itapanda mwilini. Mzee alipopewa fomu ya ridhaa, aliitafuna. Mkwewe akashika kalamu, hospitali ikamzuia.

"Wewe si damu yake, mama. Lete amri ya mahakama kwamba ndiwe msimamizi wake."

Hii ilikuwa safari ya nne mahakamani. Safari hii alitakiwa amlete mzee mwenyewe, aonekane kwa macho. Na leo ni Alhamisi.

Alimpandisha ngazi mgongoni, maana lifti ni ya mahakimu. Bendeji ilikuwa imelowa. Waliokaa benchini walisogea, wakaziba pua.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Funga mlango. La, acha wazi," msajili alisema, leso puani. "Ndiye huyu asiye na akili?"

"Ndiye baba yangu."

"Baba mkwe, tusidanganyane. Haya mzee, jina lako nani?"

Mzee akatazama dari.

"Na huyu mwanamke unamjua?"

Mzee akamtazama kama mgeni. Moyo wa mkwewe ukatulia, kisha ukaona haya kwa kutulia.

Msajili akatua faili mezani. Mzee alipoliona, mgongo ukamnyooka. Akalamba kidole, akapekua karatasi moja baada ya nyingine, akalifunga.

"Kiambatanisho cha tatu hakimo," alisema, kwa sauti kavu ambayo mkwewe hakuwa ameisikia kwa miaka miwili. "Mwombaji arudi Jumatatu."

Msajili akapekua. Kweli, hakimo. Akacheka mpaka machozi.

"Lo! Chuma cha zamani hiki! Makarani wangu wote hawamfikii, nawe waniambia kapotewa na akili?"

"Hayo ni mazoea, mheshimiwa, si akili! Muulize mwanawe yuko wapi. Muulize mguu huu ni wa nani!"

"Bibie, usinifundishe kazi. Nawajua nyinyi: mzee hajafa, mmeshaanza kupima nyumba."

"Nyumba gani? Tumepanga chumba! Nataka mguu ukatwe, baba asife!"

"Basi atie sahihi mwenyewe. Akili anazo."

Muhuri ukashuka: ombi limekataliwa. Kwa mlio ule mzee akatabasamu, akanyoosha mkono aupokee.

Mkwewe akambeba tena. Alisaga meno, hakulia. Walipopita benchini, mzee, juu ya mgongo wake, akawanyooshea kidole waliokaa, mmoja mmoja.

"Jumatatu. Jumatatu. Wewe pia, Jumatatu."

Nao wakakusanya karatasi zao, wakainuka, wakashuka ngazi nyuma ya harufu ile.

Mola awahifadhi wanaobaki, awafikishe Jumatatu.