Dakika Sifuri

Watu wa ofisini walikiita hirizi, ingawa kwenye makaratasi kiliitwa ufunguo. Kilikuwa kidude cha plastiki ya kijivu, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kinachochomekwa nyuma ya kompyuta kwenye tundu la printa na kukazwa kwa skrubu mbili. Bila hicho programu ya kiwanda haifunguki. Inakuandikia kwamba huna leseni, kisha inanyamaza. Kiwanda cha minofu ya sangara pale Igogo kilikuwa na kompyuta kumi na moja na hirizi sita. Wakala wa Nairobi alishasema haziuzi moja moja, anauza kumi kwa mpigo. Na mwaka ule wa tisini na nane, Ulaya ikiwa imewafungia mlango samaki wa ziwa letu kwa kuogopa kipindupindu, hakuna aliyethubutu kutaja hata moja mbele ya tajiri.

Kuzigawa hizo sita ndiyo kazi iliyompata Kemilembe. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, stashahada ya kompyuta kutoka Dar es Salaam, na bisibisi ndogo aliyoibeba kila mahali kama wengine wanavyobeba kalamu. Moja alimpa meneja, kwa sababu ni meneja. Nyingine zikaenda uhasibu, mauzo, usafirishaji, ununuzi na stoo. Waliobaki wakaambiwa waazime kwa zamu.

Kuazima kukawa vita. Mtu akienda kunywa chai anarudi anakuta hirizi imeng'olewa. Wengine wakaanza kuifunga kwa utepe wa gundi. Pius wa usafirishaji aliing'oa yake kila jioni, akalala nayo nyumbani Mkolani. Siku moja lori la minofu lilikaa getini saa mbili nzima, barafu ikichuruzika hadi barabarani, kwa sababu Gladness wa maabara hakupata hirizi ya kuchapia cheti cha mzigo.

"Tupime," Kemilembe akamwambia meneja. "Programu yenyewe inaandika kila ufunguo umetumika dakika ngapi. Tuhesabu mwezi mmoja, asiyetumia ampishe anayetumia."

"Pima, mwanangu," alisema Bwana Florian. "Ndiyo maana nilikuleta hapa."

Na kweli ndiye aliyemleta. Bwana Florian alikuwa mtu wa Kamachumu, mgomba wa mwisho wa shamba lao ulitazamana na mgomba wa kwanza wa baba yake Kemilembe. Binti alipomaliza chuo, ni yeye aliyeandika barua ya kumwita kazini.

Mwezi ulipoisha, Kemilembe alichapa ripoti akaisoma amesimama, karatasi ikiwa bado inaning'inia kwenye printa. Selina wa mauzo, dakika elfu nne na ushee. Uhasibu, elfu tatu. Pius, mia sita, pamoja na kelele zake zote. Ufunguo namba nne, stoo, mzee Masalu: sifuri. Ufunguo namba moja, meneja: sifuri.

Akaketi.

La mzee Masalu halikumshangaza. Mzee aliandika mapokezi yote katika daftari lake kubwa lenye jalada jekundu, kwa mwandiko ulionyooka kama uzi, na kila jioni Selina alilichukua akayaingiza kwenye kompyuta yake. Mara tatu mzee alikuwa amemwomba Kemilembe amfundishe. Mara tatu Kemilembe alimjibu, kesho. Hirizi yenyewe mzee hakumwazima mtu, akiingojea hiyo kesho.

La meneja pia lisingemshangaza mtu. Kompyuta yake ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki.

Hakuna aliyemwambia afute. Hilo alilikumbuka vizuri baadaye, kila alipotafuta mtu wa kumtupia lawama. Aliketi mwenyewe, mchana kweupe, akaufuta mstari wa namba moja, akachapa upya.

Jumatatu, mkutano. Wakuu wa vitengo kuzunguka meza, vijana wa ofisini wamesimama ukutani. Kemilembe akasoma kwa sauti yake nzuri ya darasani. Alipofika stoo hakuipunguza.

"Ufunguo namba nne, mzee Masalu. Dakika sifuri."

"Sifuri?" Pius akadakia. "Hata kwa bahati mbaya? Mzee, si ungeegemea hata kiwiko!"

Chumba kikaangua kicheko. Kemilembe naye akacheka. Kidogo tu, lakini alicheka.

Mzee Masalu alikunja mikono juu ya daftari lake. "Mwanangu," alisema, "nilikuomba."

"Muda, mzee wangu. Muda haukupatikana."

Bwana Florian akagonga meza kwa kalamu. "Karne inakwisha. Mtu asiyetumia chombo naye hatumiki. Ufunguo uende maabara. Stoo nitamweka kijana. Mzee Masalu, wewe utatusaidia kule kwenye barafu."

Kwenye barafu maana yake ni koleo. Mzee alikuwa na miaka hamsini na sita, na miaka kumi na mmoja ya stoo tangu kiwanda kikiwa cha watu wengine. Aliliacha daftari mezani, akatoka. Kemilembe alitazama karatasi yake. Alitaka chombo kiende kwa anayekihitaji, na kimekwenda. Sasa mbona masikio yanamuwaka?

Siku mbili alimkwepa. Alijua mzee huvuka na kivuko cha saa kumi na mbili na nusu kutoka Kamanga, kwa hiyo yeye akawa anafika saa mbili. Alhamisi gari la kiwanda lilimchukua mapema, akashushwa getini zamu ikiingia. Wanawake wa kukata minofu walikuwa kwenye foleni ya kusaini, mabuti meupe mkononi, wakitaniana. Mzee Masalu alikuwa mbele yao, amevaa koti la mpira lililomfika kwenye vifundo.

Kemilembe akafungua kinywa kumsalimia. Mzee akamtangulia. Alivua kofia, akakunja magoti kidogo, kama mtoto mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mkubwa."

Foleni ikageuza shingo. Hata mlinzi aliacha kugeuza ukurasa.

Kuna salamu zisizo na jibu. Akiitikia marahaba, amejitangaza mkubwa kwa mtu anayelingana na baba yake. Akinyamaza, amemdharau mara ya pili. Kemilembe alisimama na bisibisi yake mfukoni hadi mzee alipovaa kofia na kuingia ndani.

Nyuma yake mwanamke mmoja alisema, bila kunong'ona, "Kusoma kote kule, binti ya watu."

Asubuhi hiyo hakufanya kazi. Kila alipotazama kioo cha kompyuta aliona magoti yanakunjwa. Mchana alishuka kwenye barafu. Mzee alikuwa peke yake, anajaza kreti.

"Mzee Masalu, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi? Si ulisoma yaliyoandikwa?"

"Sikusoma yote." Pumzi yake ilitoka nyeupe. "Sifuri zilikuwa mbili. Moja nikaifuta."

Mzee aliegemea koleo. "Ya nani?"

"Ya meneja."

Hakucheka, wala hakukasirika. Alichota koleo moja, akalimimina taratibu, akalisawazisha kwa mkono.

"Na kule kuomba kwangu unifundishe, nako ulikufuta?"

"Nako."

"Basi sikiliza, mwanangu. Radhi umeileta kwenye barafu. Mimi sikuaibishwa hapa. Hapa tuko wawili na sangara. Niliaibishwa pale mezani, mbele ya watoto niliowapokea kazini. Hii rudi nayo."

Akageuka, akaendelea na kreti yake.

Kemilembe alirudi nayo. Akalala nayo Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili kanisani, watu walipojipiga kifua, aliona aibu hata ya kunyanyua mkono. Jumatatu aliingia ofisini kwa meneja kabla hajafika, akakiondoa chombo cha maua, akafunua kitambaa, akalegeza skrubu mbili. Zilikuwa ngumu. Hazikuwahi kuguswa tangu yeye mwenyewe azikaze. Akakirudisha kitambaa kilivyokuwa, kisha akashuka kumwita mzee.

Mkutano ulipoanza, mzee Masalu alikuwa amesimama mlangoni na mabuti yake, maji yakichuruzika sakafuni. Bwana Florian alimtazama, akamtazama Kemilembe.

"Kuna nini?"

Kemilembe alisimama. Sauti ya darasani haikuja. Ilikuja nyingine, nyembamba.

"Ripoti niliyosoma Jumatatu iliyopita niliikata. Nasoma kilichokatwa. Ufunguo namba moja, meneja. Dakika sifuri."

Safari hii Pius aliinamia kalamu yake.

"Na mzee Masalu aliniomba mara tatu nimfundishe, nikamwambia kesho. Sifuri yake ni yangu. Mlipomcheka nami nilicheka." Akageukia mlangoni. "Mzee wangu, naomba radhi. Hapa."

Mzee alijipangusa mikono kwenye koti la mpira. "Nimesikia," alisema. "Mezani panatosha."

Kemilembe akaiweka hirizi ya meneja juu ya meza. "Hii iende maabara. Namba nne irudi stoo. Masomo yanaanza leo saa nane."

"Nani kakuruhusu kugusa mashine yangu?"

"Ndiyo kazi yangu, mzee."

"Stoo ina mtu!"

"Ina mtu, lakini haina hesabu," Selina akasema, macho kwenye kucha zake. "Tangu daftari la mzee Masalu liachwe, sijui tuna kreti ngapi. Tajiri kauliza mara mbili."

Kutajwa kwa tajiri kukamgeuza Bwana Florian rangi. Alitazama kote mezani akitafuta uso wa kumsaidia, akakuta watu wanasoma karatasi zisizo na maandishi.

"Sawa. Masalu arudi stoo." Akasema mengine kwa Kihaya, polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Lakini wewe binti, nimekuleta mimi. Baba yako ni jirani yangu. Umenivua nguo mbele ya vijana wangu. Niombe radhi sasa hivi, yaishe."

Aibu ilikuwa haijamtoka Kemilembe, na alijua itakaa naye miaka. Lakini haikuwa na jina la Bwana Florian popote.

"Shikamoo yako nitaitoa kila siku, mzee," alisema. "Radhi siombi."

"Unasemaje?"

"Siombi."