Kamba ya Nguo ya Kanali

Chumba cha mwisho kwenye ploti yangu ya vyumba vya kupangisha hapa Witeithie anakaa Boaz. Alikuwa mwanajeshi wa nchi iliyoanguka kwa siku mbili, jeshi la nchi jirani lilipovuka mpaka. Tangu mzee wangu, baba Kahiga, azikwe, ni Boaz pekee anayenigongea mlango asubuhi kuuliza kama nimeamka. Jumatatu alikuwa ameitwa ofisi ya wakimbizi, Nairobi, aeleze kwa nini alikimbia. Wakimkataa, atarudishwa.

Jumapili mwanangu Kahiga alikuja kutoka Ruiru, akamkuta Boaz ananiletea maji.

"Niaje, komando! Jeshi zima, siku mbili? Hata kuku wa huyu mathe wangu wanapigana kuliko nyinyi!"

Boaz alicheka kidogo. Akaweka mtungi chini polepole, maji yasinimwagikie miguuni. Kahiga alikunywa chai akiwa amesimama, akaenda.

Nikamvutia Boaz kiti. "Nieleze mimi kwanza. Ukiweza kwangu, kesho utaweza."

Akakaa na kikombe chake. Huniita shosho, kama mjukuu amwitavyo nyanya yake.

"Shosho, kanali wetu alikuwa na kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Chakula kilikatika, viatu vikaisha, tukavumilia, kwa sababu kila asubuhi tuliona nguo za watoto wake zimeanikwa. Tukasema, kama watoto wako hapa, hatatuacha. Jumanne ile adui alipovuka mpaka, kamba ilikuwa tupu. Kufika saa nne, watu walikuwa wamevua gwanda na kwenda. Hata risasi ya adui hatukuwa tumesikia."

"Na wewe?"

"Nilibaki hadi saa nane. Kulikuwa na mgonjwa, Tobias, hawezi kutembea. Nilipogeuka, tulikuwa wawili tu kambini. Nikambeba mgongoni mpaka mpakani."

"Hayo umeyaandika kwa karatasi zao?"

"Nimeandika tu kwamba nilitoroka."

"Ngai, Mungu wangu! Kesho uwaambie habari ya Tobias, mwanangu. Na habari ya kamba."

Jumatatu aliondoka alfajiri, karatasi zake ndani ya mfuko wa unga. Kulipokucha nilifua gauni langu la buluu na vitambaa vyangu vyote vya kichwa, hata vilivyokuwa safi. Nikavianika kwenye kamba ya mbele, ile ambayo Boaz ataiona kutoka barabarani akirudi.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Vimekauka tangu saa sita. Sijavianua.