Chiku wa Kwenye Kaseti

Shutu hakujua Kijapani, na Msambweni nzima ililijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuwa akibeba mizigo ya wageni katika hoteli moja ya Diani, akaokota salamu mbili tatu. Basi fundi wa maji wa Kijapani alipomaliza mkataba wake akarudi kwao, akamwachia televisheni, deki ya video na katoni nzima ya kaseti za katuni, Shutu akajiona amerithi na lugha pia. Akajenga banda la makuti, akaazima jenereta, na kila Jumapili alasiri akasimama kando ya kioo na fimbo yake, akiwafasiria watu. Ulikuwa mwaka ule nchi inatimiza robo karne ya uhuru, na watu walikuwa na hamu ya kila kilichokuwa kipya.

Mwanapili alikuwa akikaanga viazi vya karai mlangoni pa banda. Mwanzo alifuata wateja. Halafu viazi vikaanza kuungua.

Picha za Kihindi alizijua, watu wanaimba hata wakifiwa. Za karate alizijua pia, watu wanapigana hata wasipokosana. Hizi za Wajapani zilikuwa na jambo jingine. Zilimpa mtu nafasi ya kunyamaza. Upepo ungepita majanini, hakuna anayesema neno, na moyo wako wewe uliyekaa kwenye benchi ungeanza kusema badala yao. Mbaya wa hadithi naye angeonekana akila wali peke yake, mvuke unapanda, ukamwonea huruma kabla hujamaliza kumchukia. Katika hadithi za bibi yake Mwanapili, sungura hafi hata siku moja. Kwa Wajapani hakuna aliyeahidiwa kufika mwisho, na hilo lilimtisha, na hilo ndilo lililomrudisha kila Jumapili.

Kaseti alizozipenda kuliko zote zilikuwa za msichana wa taa. Anaishi na babu yake, kiguru, kwenye kijiji cha baridi, na kila magharibi anazunguka na ngazi akiwasha taa za njiani. Theluji inaanguka. Shutu aliiita chumvi, na kwa kuwa watu hawakuwa na jina bora, hakuna aliyembishia.

"Huyu tumwite nani?" Shutu aliuliza siku ile ya kwanza, maana jina lenyewe la Kijapani lilimshinda ulimi.

Mdomo wa Mwanapili ukamtangulia. "Chiku."

Wenyeji wakatazamana. Zamani yeye mwenyewe alikuwa akiitwa Mama Chiku, mpaka homa ilipomchukua mtoto akiwa na umri kama wa huyu wa kwenye kioo, na watu kwa adabu wakahamia kumwita Mama Salimu, kwa jina la mtoto aliyemfuata. Shutu alikuwa mtu wa kuja, kutoka Bodo, hayo hakuyajua. Akagonga kioo kwa fimbo. "Haya, Chiku huyu."

Babu wa kwenye picha akaita. Msichana akageuka, akaitika, "Hai."

Kwa Kijapani neno hilo lazima lina maana yake. Masikioni mwa Mwanapili lilikuwa na maana moja tu.

Toka siku hiyo, kila babu alipoita, Shutu alipaza sauti, "Chiku!" na msichana akajibu kwamba yu hai. Mwanapili alikuwa akirudi nyumbani na karai lake kichwani, mwepesi, kama mtu anayetoka kumtembelea mwanawe shuleni. Hata msichana alipoanza kukohoa kwenye picha, alijiambia ni hiyo chumvi.

Kisha Salimu akapata binti. Mkewe, Kanze, mzaliwa wa kule bara ya Kinango, alijifungua salama, lakini kitovu cha mtoto kilipoanguka tu, kilio kikaanza. Mtoto alilia akinyonya, akalia akibebwa. Zahanati wakampima, wakasema mzima. Mwanapili akamwinamia, akamwita jina ambalo nyumba nzima ilijua ndilo litakuwa lake: Chiku. Mtoto akalia mpaka akabadilika rangi.

"Analilia jina, wifi," alisema Mbeyu, dada wa mume wa Mwanapili, aliyekuwa amekuja kusaidia na kula.

"Nimempa jina. Kazidi."

"Atanyamazaje, na mwenyewe hayupo? Umemkodisha kwa Wajapani. Kila Jumapili yuko kazini, anawasha taa za watu. Mwandikie likizo."

Mwanapili akacheka, maana kwa wifi usipocheka umekosa adabu.

"Cheka tu," Mbeyu akaendelea. "Huyo hawezi kuitika huku na kule. Mtoe kabla hadithi haijakwisha. Akifia kwenye ile chumvi na jina letu analo, wifi, mjukuu wako atalia mpaka aote meno, na hayo meno atakung'atia wewe."

Kesho yake Mwanapili akaenda bandani. Shutu alikuwa akipangusa deki kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama. Leo si Jumapili."

"Marahaba. Yule msichana mwisho wake nini?"

Shutu akatazama kitambaa chake. "Nikikwambia, utakuja?"

"Shutu."

"Hapati kuiona asubuhi, mama. Nimeiangalia peke yangu. Imebaki kaseti moja."

"Si wewe unayesimulia? Mponye."

"Mimi nina maneno tu. Picha inakwenda yenyewe. Nikisema kapona na watu wanaona mzee analia, watanitoa hapa na fimbo yangu."

"Basi mvue jina. Mwite binti."

"Watu wote wanamjua Chiku. Ndiye wanayemfuata, hawanifuati mimi."

"Nina mjukuu hapati usingizi. Nalitaka jina la mwanangu."

Shutu akaacha kupangusa. "Kumbe lilikuwa la mtu?"

"La mtu."

"Mama, ungeniambia," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na fimbo wala mzaha. "Nitamwita binti. Sitalitaja."

Jumapili hiyo banda lilijaa. Mwanapili hakukaanga, alikaa benchi la mbele. Shutu akaanza, sauti imempwaya. "Basi huyu binti akapanda ngazi, kikohozi kimemshika..."

"Binti gani?" akauliza mmoja nyuma. "Si Chiku huyo?"

"Leo kageuka mgeni," akadakia mwingine, wakacheka kidogo.

Shutu akasonga mbele. Binti akaanguka. Binti akalazwa kando ya jiko. Nje taa zikawa hazijawashwa, na kijiji kikawa giza nyumba kwa nyumba. Ikaja ile sehemu ambayo Wajapani huwaachia watu wanyamaze. Babu akainama, akaita. Shutu akafunga mdomo, kama walivyokubaliana.

Msichana hakujibu.

Babu akaita tena. Macho yale makubwa yakafunguka, yakaanza kutembea, kwa babu, kwa dari, kwenye pembe za kioo, kama ya mtoto aliyesikia kelele asijue ni yeye anayetakiwa. Shutu akamgeukia Mwanapili. Bandani hakuna aliyejua wanangoja nini.

Mwanapili alikuwa nacho alichokijia. Sasa jina lilikuwa mkononi mwake, angeinuka tu aende nalo kwa mjukuu. Akayatazama macho yale yakitafuta. Akaona kwamba msichana huyu ameitikia jina moja tu Jumapili zote hizi, na sasa anakwenda, na aliyempa ndiye anayemnyang'anya.

"Chiku," akasema taratibu, kama mtu amwamshaye mtoto.

"Hai."

Midomo ya kwenye picha haikusogea. Macho yakatulia, upande wa benchi la mbele, yakafumba. Baadaye Shutu aliirudisha kaseti mara nyingi, na kila mara akasema sauti hiyo hamna.

Nyumbani kilio alikisikia toka njiani. Akaingia, akampokea mtoto kwa Kanze, jasho mtoto, jasho mama.

"Bibi yako mzaa mama, yule marehemu, mlikuwa mkimwita nani?"

Kanze akashangaa, maana jina la binti wa kwanza hutoka upande wa baba. "Mapenzi."

"Mapenzi," Mwanapili akamwambia mtoto sikioni.

Mtoto akakata kilio katikati. Akapata kwikwi, akapumua, akalala mdomo wazi. Kanze akakaa chini sakafuni akacheka, kisha akalia yeye.

Mbeyu alikuwa ameketi kizingitini akiwatazama. "Na lile jingine, wifi? Hukurudi nalo?"

"Nimeliacha."

"Kule?"

"Kule. Kaitika, Mbeyu. Nimemwita, kaitika."

Mwanapili akangoja utani, maana Mbeyu hakosi. Mbeyu akainuka, akaitazama njia aliyojia Mwanapili kama kwamba kuna anayemfuata, akaingia ndani, akaufunga mlango kwa komeo, ingawa jua lilikuwa bado kali na nyumba inawaka joto.