Vipande vya Kichwa cha Senkondo

1

Tuanze na hewa, maana ndivyo mashine ya skani inavyoanza. Haina kisu. Inakata kwa macho yake tu, vipande vyembamba kama vya mkate, kuanzia juu ya utosi, mahali ambapo mtu bado hajaanza. Kipande cha kwanza siku zote ni cheusi kitupu. Nakiete Mchome, mtaalamu wa picha katika Hospitali ya Kwamrindi, milima ya Upare, huwaambia wanaojifunza kazi wasikitupe kipande hicho.

"Kiache," huwaambia. "Mtu yuko chini yake, anakuja."


2

TANGAZO

KWA WATUMISHI WOTE WA KITENGO CHA PICHA
YAH: NAFASI KATIKA HIFADHI

Mnaarifiwa kuwa hifadhi ya picha imejaa. Kuanzia sasa picha zifutwe kwa utaratibu ufuatao:
(a) za marehemu;
(b) za wagonjwa waliohamishiwa kwingine;
(c) nyinginezo.
Utekelezaji ni mara moja.

Hebu rudi pale kwenye (a), msomaji. Isome polepole. Aliyeiandika hakuwa mtu mbaya, tena ni mtu anayesalimia hata wafagizi. Alikuwa na hifadhi iliyojaa na lugha ya ofisi mkononi, basi.


3

Programu anayoitumia Nakiete haiuzwi. Imeandikwa na watu wengi wasiojuana, kila mmoja akichangia pale anapoweza, na mtu yeyote anaweza kuishusha kutoka mtandaoni, kuifungua na kutazama ilivyoshonwa ndani. Ukiipa vile vipande vyembamba inavipanga kimoja juu ya kingine mpaka kichwa kinasimama kwenye kioo, kizima, na wewe unakizungusha kwa kipanya. Ukitaka mifupa, inakupa mifupa. Ukitaka ngozi, ngozi.

Ngozi ndiyo yenye taabu. Ukiita ngozi, uso unakuja nao: pua, midomo, kope zilizofumbwa. Anayemfahamu mtu huyo atamtambua. Kwa hiyo kabla picha ya kichwa haijapelekwa kwenye hazina ya bure ya mtandaoni ambako wanafunzi wa udaktari wanajifunzia, uso sharti ufutwe. Pale Kwamrindi kazi hiyo ni ya Nakiete.

Wengine huchora sanduku mbele ya uso na kuukata wote kwa mkupuo, paji mpaka kidevu. Nakiete hawezi. Anashika brashi ya programu na kuifuata ngozi taratibu, shavu, ukingo wa pua, kope, utadhani anamnawisha mtoto. Wenzake wamemtania mpaka wamechoka.

"Nakiete bwana, unamfuta au unampaka poda?"


4

(Maneno yaliyoachwa ndani ya programu na mmoja wa walioiandika. Hajulikani ni nani, wala yuko wapi.)

Brashi hii haipaki hewa. Ikifika ngozi inapoishia inasimama yenyewe. Niliijaribu kwa skani ya goti langu bovu, ikafuata kila kona. Kila inachokipaka hukiweka kwenye tabaka la pembeni, ndipo kiondolewe kwenye picha. Tabaka hilo programu hailifuti. Ulifute mwenyewe, usisahau.


5

Kwenye korido, siku mvua ilipokataa kukatika:

— Mlima umeshuka kule juu.

— Umechukua nyumba za watu?

— We acha tu.

— Kuna mtoto amechimbuliwa, bado anapumua.

— Mpelekeni kwa Nakiete moja kwa moja, msisimame hapa!


6

Alikuwa na tope masikioni. Nakiete alimsafisha kwa pamba kwanza, ingawa daktari alikuwa anahimiza, kwa sababu hakupenda kumwingiza mtoto mashineni katika hali ile. Sikio la kushoto lilikunjika juu, kama la mtu aliyelilalia. Alijaribu kulinyoosha. Likarudi kujikunja.

"Ndivyo alivyozaliwa," alisema mwanamke aliyesimama mlangoni. Tope lilikuwa limemfika kifuani, na alikuwa mjamzito. "Anaitwa Senkondo. Dada, hiyo mashine inauma?"

"Haiumi, mama. Ni picha tu."

"Basi mpige vizuri."

Nakiete alimpiga vizuri. Hajawahi kupiga skani safi kama ile, mtoto alikuwa ametulia kabisa, na huko kutulia ndiko kulikomtisha. Senkondo alifariki kabla daktari hajamaliza kuisoma.


7

[Kipande hiki kimeondolewa ili kulinda faragha ya mhusika.]


8

Vilivyochukuliwa na tope, kwa maelezo ya mama yake:

kitanda
mbuzi, na kamba yake
sufuria kubwa ya sherehe, ya kuazimana
simu iliyokuwa inachajiwa kwenye sola
ndani ya simu, picha zote za Senkondo, hata ile aliyovaa koti la baba yake

Shule alikuwa hajaanza. Huko nako picha yake haikuwepo.


9

Jeraha lake lilikuwa la nadra. Madaktari walisema wanafunzi wangejifunza mengi kwalo, na baba yake alipoombwa ruhusa alisema, kama itasaidia watoto wa wenzetu, sawa. Nakiete akakaa na brashi yake, akamfuta uso Senkondo kope kwa kope, akampeleka kwenye hazina ya bure. Huko hana jina. Anaitwa Kichwa 88.

Baadaye lilikuja lile tangazo. Akachagua kundi (a) lote, kama alivyoagizwa. Kompyuta ikamuuliza: Una uhakika?

Akabonyeza Ndiyo.

Uhakika.

Hakuwa nao. Nani anao? Lakini kitufe cha "nimeamriwa" hakikuwepo.


10

Kutoka kwenye kundi la simu la wanafunzi wa udaktari, mbali sana na Kwamrindi:

— Nani ana Kichwa 88?

— Yule Masikio? Ninaye.

— Mbona mnamwita Masikio jamani 😂

— Si ndiyo aliyobakiwa nayo. Mtazame la kushoto lilivyojikunja.

— Maskini. Sijui alikuwa nani.

— Kesho mtihani, lala.


11

Alirudi kiangazi kilipoanza, asubuhi, mtoto mchanga akiwa mgongoni kwa kitenge. Nakiete hakumtambua mara moja, kwa kuwa safari hii hakuwa na tope.

"Shikamoo dada. Mimi Mama Senkondo."

"Marahaba. Karibu, mama. Pole. Kaa hapa."

Hakukaa. "Nimesikia hiyo picha mliyompiga ina sura yake. Kijana mmoja wa kwetu anasoma mambo hayo, ameniambia kompyuta inaweza kuutoa uso wa mtu ukauona. Ni kweli?"

"Inaweza."

"Nimekuja kuuona."

Nakiete alishika kipanya, akakiachia. Mama Senkondo akadhani anatafuta namna ya kumkatalia, akaongeza haraka haraka:

"Baba yake anasema tuache, tumpumzishe. Lakini dada, nimeanza kumsahau. Nikifumba macho namwona mtoto wa dada yangu. Nikimfukuza huyo anakuja mwingine. Na huyu niliyemzaa," akampapasa mtoto mgongoni, "kila anayekuja kumwona anasema kafanana na kaka yake. Kafanana, kafanana. Mimi mama yao, sijui. Nacheka nao tu."


12

Nakiete angeweza kusema mashine imeharibika. Mashine huharibika kila mara, hakuna ambaye angeshangaa. Alilifikiria hilo, naona ni haki ulijue.

Kisha akasema:

"Nimemfuta."

"Umemfuta."

"Uso niliufuta ili apelekwe kwa wanaojifunza. Ndiyo sheria. Na ile picha yenyewe, ya mwanzo, niliiondoa nafasi ilipojaa."

"Wewe?"

"Mimi. Kwa mkono wangu huu."

Mama Senkondo hakupiga kelele. Alikaa sasa, kwenye kile kiti alichokikataa, akamshusha mtoto na kumpakata, akaanza kulia bila sauti. Nakiete alisimama mbele yake akiwa na koti lake jeupe na jina lake kifuani, akaona aibu ya kuvaa jina. Alijichukia, na alimwonea huruma yule mwanamke kiasi cha kushindwa kumgusa.

"Ulimfuta kwa nini?" aliuliza Mama Senkondo baadaye. Alimaanisha kwa kitu gani.

"Kwa brashi. Niliupaka uso wote kwanza, pole pole, halafu n


13

brashi haipaki hewa


inafuata kila kona


kila inachokipaka hukiweka


usisahau


usisahau


14

Alisahau. Au hakutaka, hata yeye mwenyewe ukimuuliza leo atakujibu hivi na kesho vile. Tabaka lilikuwa bado limo kwenye kompyuta ya kazi, halina jina, limelala pale tangu siku ile aliyomaliza kumfuta. Kanuni ya faragha inasema wazi: Tabaka la kufutia lisihifadhiwe pamoja na picha wala kando yake.

Akamshusha Kichwa 88 kutoka kwenye hazina, kama ambavyo mwanafunzi yeyote angefanya. Kikaja kichwa cha mtoto chenye utosi, shingo na masikio, na mbele yake shimo. Nakiete alisimama kati ya kioo na yule mama.

"Usitazame kwanza. Nitakwambia."

Akalifungua lile tabaka, akaliweka mahali pake.

Akasogea.

Uso ulikuwa wa rangi moja, kijivu cha udongo mkavu. Hauna nyusi wala nywele. Macho yamefumbwa. Lakini pua ilikuwa ya mtu, na mdomo wa juu ulikuwa umetangulia kidogo, kama wa mtoto anayetaka kubisha, na pembeni sikio la kushoto lilikuwa limejikunja.

"Yesu wangu," alisema Mama Senkondo. Akamwinua yule mchanga, akamweka karibu na kioo. Alimtazama huyu, akamtazama yule. "Pua siyo. Watu waongo, pua siyo kabisa. Huyu ana pua ya baba yake." Akacheka, machozi yakimwingia kinywani. "Kidevu ndicho. Ee, kidevu ndicho."

Nakiete akamzungusha pole pole ili mama yake amwone ubavuni.


7

[Kipande hiki kimerudishwa na mama yake.]

"Akiamka alikuwa haamki mara moja. Anafumbua jicho moja, ananichungulia kama nimeshaondoka kwenda kuchota maji. Nikiwa nimeondoka, analia. Akiniona nipo, ndipo anafumbua la pili, anajifanya eti ndiyo kwanza anaamka. Mjanja yule! Huyu mdogo wake naye juzi ameanza mchezo huohuo, nilipomwona nilikaa chini. Huyu anaanza na la kulia."

"Na Senkondo?"

"Senkondo alikuwa anaanza na la"


15

Alifungua kinywa tena. Akaweka mkono juu ya jicho lake moja, akautoa, akauweka juu ya lingine.

"La"

Akakigeukia kioo. Akamtazama mwanawe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba kitu kilichoko juu ya kabati:

"Dada, mfumbue macho."


16

Zungusha
Kuza
Paka
Kata
Ficha
Onyesha

Nakiete alizipitia amri zote kwa kipanya, ya kwanza hadi ya mwisho, akijua ya kufumbua haimo. Alizipitia tena kwa sababu yule mama alikuwa anamtazama mkono.

"Haiwezi, mama."

"Hata kidogo? Moja tu."

"Alikuwa ameyafumba nilipompiga."

"Ulimpiga vizuri lakini."

"Nilimpiga vizuri."

Mlango uliokuwa wazi kidogo uligongwa. Ilikuwa sauti ya Dokta Mshana, mkuu wa kitengo: "Nakiete, kuna mgonjwa anasubiri. Na hicho kioo kifunge, kanuni unazijua." Hakuingia. Huenda alikuwa ameona na hakutaka kuona zaidi.

Nakiete akashika kipanya ili afunge. Programu, kwa adabu yake ileile, ikamfunika Senkondo kwa kidirisha kidogo:

Kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa.
Yahifadhiwe kabla ya kufunga?

NDIYO          HAPANA          GHAIRI

"Inasemaje?" aliuliza Mama Senkondo.

"Inauliza kama abaki au aondoke."

Mchanga alikuwa amesinzia mapajani. Mama Senkondo alimfunika miguu kwa ncha ya kitenge, bila kuyaondoa macho yake kwenye kile kidirisha.

"Inamuuliza nani?"