Makadirio ya Sauti ya Hamis

Mchana Hamis alikuwa anakula chapati maharage Mtaa wa Kongo, huku sauti yake ikiuza ndala kwenye spika ya Bosi Rajabu: "Buku mbili, mama, njoo uchague!" Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Ilihamia kwenye spika siku aliporekodi lile tangazo. Angeibeba spika yaishe, ila wenye maduka wengine walishalikopi, sauti ikatawanyika Kariakoo nzima.

Na Ijumaa alikuwa anamuoa Najma. Akamwendea Dokta Zakayo, mtafiti wa hesabu aliyepanga chumba mtaa wa Gerezani, akamwandikia kwenye simu: "Shikamoo Dokta. Nataka sauti ya kusema nimekubali."

"Marahaba. Hiyo ndogo," alisema Dokta. "Kelele yoyote ni mawimbi mepesi yamejumlishwa. Ukijua kila wimbi linacheza kwa kasi gani na lina nguvu kiasi gani, unalitenga."

Akasimama katikati ya mtaa na ungo, akaanza kupeta kelele. Honi za bajaji zikaangukia huku, mikokoteni kule. Watu walimwambia apishe, anaziba njia. Mwisho yakabaki mawimbi ya Hamis tu, membamba kama tambi, yanatetemeka.

Dokta akayaangalia, akameza mate. Akampa Hamis manne ya mwanzo, yale manene kuliko mengine.

"Hayo yanatosha. Ni makadirio."

Hamis akaandika: "Na yaliyobaki? Ni yangu."

"Yalikuwa yako yalipokuwa sauti. Sasa hivi ni data, mdogo wangu."

Ijumaa, Magomeni, shehe akamuuliza kama amekubali. Hamis akajibu, "Mmmmmm." Shehe akarudia, akapata ile ile, akafungisha ndoa.

Chumbani Najma akauliza, "Nani kawasha friji?"

"Mumeo huyo," alisema shangazi yake, akaendelea kumweka sawa mtandio.

Wiki iliyofuata Dokta alihutubia kongamano la wanahisabati kwa sauti ya Hamis. Hata waliozoea kusinzia waliamka, wakapiga makofi wamesimama. Mmoja aliuliza kama ndala namba nane zipo.

Video ikazunguka WhatsApp mpaka ikamfikia Najma.

"Hii ndiyo iliyonitongoza," alisema.

Sasa kila jioni anaiweka, anasikiliza milinganyo mwanzo mwisho. Hamis anakaa pembeni yake na kujaribu kuongea. Najma anamwambia apunguze, hasikii.