Mwezi wa Kusikiliza Pumzi

Korkor alilizunguka gunia la mchanga huku roho ikimdunda. Mkono wa kushoto aliuteremsha hadi kiunoni, bega akalipandisha mpaka kidevuni. Huo ndio ulikuwa mtego wake: kumwachia mpinzani uso wazi, ngumi ya kulia ikija iteleze begani, naye ajibu kabla mwenzake hajajikusanya. Tatizo ni kwamba gunia halirushi ngumi. Mbele ya gunia kila mtu bingwa, bwana!

"Huo mkono ushushe kama unajua utaurudisha vipi," alifoka Ataa Laryea, mwalimu wake. "Kama hujui, funga uso kwa mikono yote miwili kama wenzako, yaishe."

"Najua, Ataa."

"Unajua! Haya, tutaona."

Kitu kimoja Korkor hakumwambia mwalimu. Ulikuwa ule mwezi wa kabla ya Homowo, sikukuu ya mavuno, makuhani wameshapanda nafaka, na mtaa mzima wa Bukom umekatazwa ngoma na makelele. Redio ya klabu ilikuwa imezimwa, kengele ya raundi imevishwa kitambaa. Katika kimya hicho Korkor akagundua kwamba bondia, kabla hajarusha ngumi nzito, huvuta pumzi kidogo puani. Ukiisikia, ngumi bado haijaondoka. Basi akawa anasubiri pumzi, anajibu, na wavulana wa klabu wakaanza kumkimbia.

"Huyu dada mchawi," Tetteh alilalamika, kajishika taya. "Naifikiria ngumi tu, yeye keshaiona!"

Wote wakaangua kicheko. Korkor naye alicheka, lakini wasiwasi haukumtoka, maana nyumbani kulikuwa na baba. Mzee yule alikuwa bondia wa kusifiwa enzi zake, akapiga na kupigwa, na sasa alilishwa kenkey, lile donge la mahindi, kwa mkono na kumuuliza mkewe kila asubuhi, "Wewe bibi, unatoka wapi?" Mama alishasema, na mama huyo hakuwa mtu wa kurudia maneno: "Hilo pambano lako linalokuja nitakuja kulitazama. Nikiona kichwa chako kinaelekea alikokwenda baba yako, glavu nazitia motoni. Sitauguza wawili." Korkor akaapa hataguswa. Tangu utotoni hakuwa na kitu kingine alichokipenda, na akipokonywa ngumi hakujua angeamka asubuhi afanye nini.

Pambano lake na Naadu, msichana wa Labadi mwenye mkono wa kulia mzito, lilipangwa Jumamosi. Ngoma zilifunguliwa Alhamisi. Hakuna aliyeliwaza hilo, si mwalimu, si Korkor mwenyewe.

Jumamosi mchana watu walijaa uwanjani mpaka juu ya mapaa, na zile ngoma zilizofungiwa mwezi mzima zilipigwa kama zinalipiza kisasi. Korkor akaingia ulingoni, akashusha mkono, akatega sikio. Hakusikia kitu! Refa alikuwa anapanua mdomo mbele yake na sauti haitoki. Alikuwa bado anaitafuta pumzi ya Naadu wakati ngumi ilipomfikia shavuni. Akashusha mkono tena kwa mazoea, akala nyingine, kisha ya tatu. Alishika kamba asianguke.

"Una wazimu?" Ataa Laryea alimpigia kelele sikioni alipomkalisha kwenye kona. "Unangoja nini pale?"

"Simsikii, Ataa!"

"Humsikii nani?"

"Pumzi yake! Mazoezini nilikuwa nasikia pumzi zao."

Mwalimu alimwangalia, taulo mkononi. "Mungu wangu," alisema. "Mwezi mzima umepigana kwa masikio, na mimi nimekaa pale nakusifu." Akamfuta damu puani. "Sasa sikia. Pandisha mikono yote miwili, funga uso. Chungulia katikati, tazama bega lake la kulia. Likizama tu, jibu. Na kama huwezi niambie sasa hivi, nikutoe."

"Usinitoe. Mama yuko pale."

Raundi iliyofuata hakuwa na mbwembwe tena. Alijikunyata nyuma ya glavu, akapigwa mikononi mpaka ikafa ganzi, hofu ikimtafuna, macho hayatoki kwenye bega lile. Likazama. Korkor akaingia na kulia yake yote, na Naadu akakaa chini kama mtu aliyeondolewa kiti. Hakuinuka.

Uwanja ulilipuka. Ataa Laryea akamrukia, Tetteh akampigia miluzi. Mama alipenya katikati ya watu mpaka kambani, na hakuwa akicheka. Alimshika Korkor uso kwa mikono miwili, akamtazama macho.

"Aliyekufuata kuzaliwa ni nani?"

Korkor akacheka. Swali gani hilo! Kwao majina hufuata zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Dede, wa pili Korkor, na wa tatu pia jina lake linajulikana kabla hajazaliwa. Hata mtoto wa chekechea atakutajia. Akafungua mdomo. Mdogo wake alikuwa amesimama pale pale nyuma ya mama, anampungia mkono kwa furaha. Korkor alimtazama yule msichana, akamtambua, akaupenda uso wake, na jina halikuja.

"Ngoja, Mama," alisema. "Ngoja kidogo. Kelele hizi." Jasho jipya likamtoka. "Kai! Ni Kai, Mama. Kai!"

Mama alikuwa ameshainama, anamfungua kamba za glavu.